Moshi Kibao, Mchezaji Haonekani

Siku ya mechi kubwa, ukiingia Instagram unakutana na mabango yaleyale: moto, radi, moshi, mnyama anaunguruma, nembo za wadhamini zimebanana chini kama abiria wa daladala. Katikati ya fujo hiyo kuna mchezaji. Jina lake limeandikwa kwa herufi zinazong'aa mpaka hazisomeki. Kesho yake linapandishwa bango jingine, hili limesahaulika.

Madogo wa grafiki wanaijua kazi, hilo halina ubishi. Ila wanachotengeneza kinaisha na siku yake. Wanaokusanya kadi za wachezaji huko duniani wanajua kwamba inayodumu ni kadi iliyotulia.

Chukua kadi ya Honus Wagner, mcheza besiboli wa Marekani. Ilitoka ndani ya pakiti za sigara, kwenye seti ya miaka ya 1909 hadi 1911. Ina sura yake, rangi ya chungwa nyuma yake, na chini jina na mji wa timu. Basi. Mwaka 2022 moja iliuzwa dola milioni 7.25. Wajuaji watasema bei hiyo ni ya uhaba, sio ya mchoro, na ni kweli, zimebaki chache mno. Lakini zaidi ya miaka 100 baadaye, hata asiyejua besiboli akiishika anaona papo hapo huyu ni nani na alichezea wapi. Hiyo ndiyo kazi ya kadi.

Sasa njoo Sumbawanga. Oktoba 2020, Tanzania Prisons ya Mbeya, iliyokuwa ikiutumia Uwanja wa Nelson Mandela kama nyumbani, iliikaribisha Simba. Mnyama alikuwa bingwa mtetezi, kabeba ligi mara tatu mfululizo. Akapigwa 1-0. Ufipa yote ilistahili kubaki na kitu cha kushika mkononi kutoka siku ile. Badala yake zimebaki skrinshoti kwenye simu zilizopasuka vioo. Dogo aliyekuwa darasa la kwanza wakati ule, muulize sura ya mfungaji uone kama anayo.

Na hapo ndipo penye hoja. Mastaa wa Msimbazi na Jangwani moshi hauwaumizi, sura zao zinajulikana hadi vijijini. Anayeumia ni mchezaji wa timu ya mkoani ambaye hakuna anayemjua. Ukimfunika na radi, umemfuta kabisa.

Kadi yake haihitaji makuu. Karatasi ngumu ya ukubwa wa karata, sentimita 6.4 kwa 8.9. Ukingo mweupe, picha moja safi, jina, timu. Nyuma: tarehe, uwanja, matokeo. Steshenari inayopiga pasipoti saizi na kulaminisha vyeti inaiweza kazi hiyo. Cha muhimu, mwenye sura aombwe ruhusa kwanza, na kadi zikiuzwa apate chake. Siku akitundika daluga, atakuwa na kitu cha kumwonyesha mwanae zaidi ya stori.

Sumbawanga, wenyewe wanasema, maana yake ni "tupa uchawi". Basi wadau wa grafiki wa huko waanze kwa kutupa moshi.