Mapenzi ya Wasiolingana Hadithini: Tuyafundisheje?

Walimu wengi huikwepa hadithi ya mapenzi. Wakiikuta kitabuni huiruka. Wakiikuta mkononi mwa mwanafunzi huinyang'anya. Kwa maoni yangu hilo ni kosa, hasa kwetu Geita.

Hadithi nyingi za namna hiyo humkutanisha mwenye umri, fedha au elimu na asiye navyo. Katika riwaya ya Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1972, mzee tajiri Mwinyi anamtamani Bahati, msichana mdogo. Hapo msomaji huiona kasoro mara moja, maana uzee haufichiki. Lakini tazama tamthilia ya Edwin Semzaba, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, ya mwaka 1988. Ngoswe si mzee. Ni kijana aliyetumwa kijijini kuhesabu watu. Anachomzidi Mazoea ni shule, kazi ya serikali na ujuzi wa dunia. Wasomaji hucheka wakapita, kumbe pengo ni lile lile, ila halina mvi za kulitambulisha.

Watoto wetu hukutana na pengo hili nje ya kitabu. Huko Nyarugusu na Rwamgasa, mwenye duara lililotoa dhahabu huweza kushika kwa siku moja fedha ambazo mkulima hazipati kwa msimu mzima. Binti wa darasa la sita akinunuliwa daftari na sabuni, atatambuaje kuwa mnunuzi amemzidi kwa kila jambo? Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya mwaka 2016, imeweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Hata hivyo, sheria hiyo hufika baada ya madhara. Somo lapaswa kutangulia.

Basi, ndugu mwalimu, tunga kisa kifupi cha msichana na mgeni anayemzidi, ukisome darasani. Kisha uliza maswali matatu. Nani kati yao anajua mambo asiyoyajua mwenziwe? Anayetoa zawadi anatarajia nini? Aliye mdogo akikataa, atapatwa na nini? Wavulana na wasichana wajadiliane katika vikundi, nawe usiwahubirie. Mwishowe kila mmoja aandike mwisho mwingine wa kisa.

Wapo watakaosema kwamba mume kumpita mke kwa umri ni desturi, na kwamba ndoa nyingi za namna hiyo zimedumu kwa heshima. Ni kweli, pale watu wazima wawili walipochaguana. Ndiyo sababu maswali yetu hayahesabu miaka peke yake; yanatafuta kama aliye mdogo alikuwa na uwezo wa kukataa.

Jambo la mwisho latuhusu sisi wenyewe. Mwalimu kijana anapopangiwa shule ya kijijini huingia na mshahara, cheo na maneno matamu. Huyo ni Ngoswe mwingine. Asipojiuliza kwanza maswali yale matatu, atawaulizaje watoto?