Chama cha kuzikana: kwa nini upande wa baba tu?

Nilipotea kidogo, majaribio ya katikati ya muhula yalinibana kisawasawa. Leo nina jambo linalonikereketa, naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaanza kunirushia mawe.

Hapa chuoni tuna chama cha kusaidiana cha Wahaya. Nililetewa fomu chumbani. Kiingilio shilingi 10,000, ada 3,000 kwa mwezi. Ukifiwa na mzazi unapewa nauli ya kwenda na kurudi pamoja na rambirambi. Ukilazwa, watu wanakuja na uji na hela ya dawa. Mpaka hapo safi kabisa. Tatizo ni kifungu cha tatu cha katiba yao: mwanachama awe Mhaya kwa upande wa baba.

Msimamo wangu nausema mapema ili tusipotezeane muda. Nimejiunga, na kwenye mkutano mkuu nitasimama kuomba kifungu hicho kifutwe.

Kwanza niwatetee wenzangu. Kuna watu wakisikia chama cha kabila wanaruka: "Ukabila huo! Mwalimu alikataa!" Taratibu jamani. Kutoka Dar mpaka Bukoba ni zaidi ya kilomita 1,300. Mtoto wa mkulima akipigiwa simu usiku kwamba baba hayupo tena, hotuba ya umoja wa kitaifa haimkatii tiketi ya basi. Anahitaji hela kabla ya alfajiri, na mtu wa kukaa naye mpaka gari liondoke. Chama kimefanya hivyo mara nyingi, nimeona. Na kinaweza kwa sababu watu wanajuana kwao: ukikimbia na hela za mfuko, habari zitafika kijijini kabla yako!

Wala si jambo letu peke yetu. Mwaka 1895 kule Minneapolis, Marekani, wahamiaji 18 kutoka Norway walianzisha Sons of Norway. Hali ya uchumi ilikuwa mbaya, wakakubaliana kuchangiana mwenzao akiugua au akifa. Hakuna tofauti na fomu niliyoletewa mimi.

Sasa nije kwenye kifungu. Baba yangu Mhaya, mama Mluguru. Nimezaliwa na kukulia Morogoro. Kihaya changu kinaishia kwenye salamu, hata senene nimewajua ukubwani. Lakini kwa kifungu cha tatu mimi ni mwanachama halali, sikuulizwa swali hata moja.

Nina rafiki tuliyetoka naye Morogoro, tupo naye darasa moja. Yeye kinyume changu: mama Mhaya, baba Mluguru. Amelelewa na bibi yake mzaa mama, Kihaya anakimwaga kama maji. Mwanachama mmoja alipofiwa, huyu dada ndiye aliyekesha jikoni akipika na kuosha masufuria. Alipoomba fomu akaambiwa, samahani dada, wewe ni Mluguru.

Haya, twende kwa Waluguru. Kwa mila zao ukoo unafuatwa kwa mama! Wazee wa kule wakimpangia ukoo watamuuliza mama yake ni wa ukoo gani, na mama yake ni Mhaya. Mnaona kichekesho? Mimi nahesabiwa kote kuwili, yeye hahesabiwi popote. Wazazi wetu wanatoka kwenye makabila yaleyale mawili, tofauti ni nani kavaa suti na nani kavaa shela siku ya harusi. Mnaniambia huo ndio msingi wa kuamua nani asaidiwe akifiwa?

Wenye kifungu chao wanasema tukifungua mlango chama kitakufa, wataingia watu wasiojulikana, wale hela wapotee. Hoja ina uzito, siidharau. Lakini dawa yake ipo: kila anayeingia aletwe na wanachama wawili wanaomdhamini, na alipe ada miezi sita kabla ya kudai chochote. Hayo yanapima uaminifu. Jina la baba halipimi kitu.

Kuna jingine ambalo mweka hazina angelifikiria angekosa usingizi. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipiga Kagera. Watu walikufa, nyumba nyingi zikaanguka. Fikiria mfuko ambao wanachama wake wote kwao ni huko. Siku moja wote wanakuwa wafiwa, nani atamchangia nani? Mfuko wa kusaidiana unakuwa na nguvu pale shida zinapopishana: leo kwangu, kesho kwako. Mkiwa wote wa sehemu moja, siku nyingine shida inawakuta wote saa ileile.

Na wanaosema tunalinda mila, niwakumbushe utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita karne ya 19, baadaye wakawa watani. Wanyamwezi na Wazaramo walizoeana kwa misafara ya biashara, nao wakawa watani. Msibani mtani ndiye anayekuja kushika kazi na kuwachekesha wafiwa huku machozi yakiwatoka. Yaani wazee wetu waliona kwamba kwenye kifo unamhitaji pia mtu asiye wa kabila lako. Hiyo nayo ni mila, tena ya kwetu kabisa.

Wale wa Minneapolis nao walifungua mlango. Leo Sons of Norway inapokea hata mtu asiye na asili ya Norway, na jina halijabadilika. Sisi pia hatuna haja ya kubadili jina wala kuacha nyimbo zetu za Kihaya kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka. Tufute maneno manne tu: "kwa upande wa baba". Hiyo ni hatua ya kwanza, ya wadhamini wawili kwa watu wa makabila mengine tuijadili muhula ujao.

Mkutano ni Jumamosi ya wiki ijayo. Kupitisha hoja zinahitajika theluthi mbili, na nimeshahesabu, sijazifikisha. Mwanachama unayesoma hapa, uje. Na wewe usiye mwanachama, niambie: kwenu mmeandika nini kwenye kifungu cha tatu?