Mjomba Ndiye Apimwe Kwanza

Nimechoka na mizani. Tembea katikati ya Nairobi jioni, hukosi jamaa ameketi kando ya njia na mashine yake. Unampa sarafu, unapanda, anakusomea uzito, urefu na BMI. "Uko sawa." Sawa wapi?

BMI ni kilo zako zikigawanywa kwa mraba wa urefu wako wa mita. Aliyeianzisha miaka ya 1830, Adolphe Quetelet wa Ubelgiji, hakuwa daktari. Alikuwa mtaalamu wa hisabati na nyota, akisaka "mtu wa wastani" kwenye takwimu. Jina hilo la BMI lilikuja 1972, kupitia Mmarekani Ancel Keys na wenzake. Kwa kupima taifa zima, hesabu hiyo inafaa. Kwa mtu mmoja inaacha swali kubwa: hayo mafuta yamekaa wapi?

Hapo ndipo sisi tumepotoka. Dada mwenye mapaja na makalio makubwa, kila sherehe ana washauri: "Umenona, punguza chapo." Mjomba mwenye miguu myembamba na kitambi kinachomtangulia mlangoni anaitwa mdosi, anaongezewa nyama. Lakini ini halijui cheo. Mafuta ya mapaja na makalio hayana hatari kama yale ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na kongosho na kuvuruga kazi ya insulini. Ukiyaacha yazidi, unaikaribisha sukari, presha na maradhi ya moyo.

Chukua mwanaume wa sentimita 170 na kilo 70. BMI yake ni 24, chini ya 25, kwa hivyo anaambiwa aende salama. Mzungushie futi ya fundi: kiuno sentimita 96. Kiuno kinatakiwa kiwe chini ya nusu ya urefu, na nusu yake ni 85. NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu Uingereza, iliuweka ushauri huu wa nusu mwaka 2022. Kliniki inayokupandisha kwenye mizani bila kugusa kiuno imefanya kazi nusu.

Na msiniambie ni gharama. Chukua kamba, jipime toka kisigino hadi utosini, ikate, ikunje katikati. Izungushe tumboni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Toa pumzi. Usibane tumbo, hakuna anayekupiga picha. Kama una mimba, kipimo hiki hakikuhusu. Wengine wote, ncha zisipokutana, nendeni mkapimwe sukari na presha. Kamba haitoi hukumu, inakuambia tu pa kuanzia.

Na wewe unayejiandaa kumcheka dada kwenye sherehe ya Jumamosi, beba hiyo kamba. Anza na mjomba.