KIPYA KINYEMI INGAWA KIDONDA

Ndugu wanachama,

Mfanyakazi akipata gari jipya, wenzake humwuliza mambo matatu: linakula mafuta kiasi gani, linavutaje mlimani, na je, familia inaenea? Ni maswali ya haki. Mtu anayekatwa mkopo wa ushirika kila mwisho wa mwezi hana budi kujua kama shilingi zake zimekwenda mahali pema. Nasi hatuna ugomvi na maswali hayo. Tunasema tu kwamba hayatoshi. Sifa za miezi ya kwanza, hasa zile za saluni ya dizeli, ni ushahidi wa upande mmoja: ushahidi wa mtu aliyeshika usukani. Yule aliye nyuma ya bomba la moshi hajaulizwa.

Tusiinyime injini ya dizeli haki yake. Injini hii haina plagi za cheche. Huibana hewa ndani ya silinda mpaka hewa yenyewe ikawa moto, kisha mafuta hunyunyizwa humo yakawaka. Kwa kuwa hubana kwa nguvu kuliko injini ya petroli, hutoa kazi nyingi zaidi katika kila lita. Ndiyo maana mwenye saluni mpya ya dizeli hurudi kutoka safari yake ya kwanza akiwa na furaha: amepakia mke, watoto na mizigo tele ndani ya buti, amepanda mlima bila kubadilisha gia kila mara, na mshale wa mafuta umeshuka kidogo tu. Madereva wazee wanakumbuka Peugeot na Mercedes za dizeli za miaka ya 1970 na 1980. Zile zilikuwa nzito kuondoka na zilinguruma kama mashine ya kusaga. Hizi za leo zina turbo na kompyuta, na aliye ndani hasikii ila mvumo mdogo.

Sasa tuchukue gari moja ambalo mambo yake yalifika mahakamani, ili tusiseme kwa kubahatisha. Mwaka 2008 kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilianza kuuza huko Marekani saluni mpya ya dizeli, Jetta TDI, yenye injini ya lita 2 na nguvu za farasi 140. Kwa vipimo vya serikali ya Marekani, ile yenye gia za mkono ilikwenda maili 41 kwa galoni katika barabara kuu, yaani chini kidogo ya lita 6 kwa kilometa 100. Serikali iliwapa wanunuzi nafuu ya kodi ya dola 1,300. Novemba mwaka ule ule gari hilo likatunukiwa mjini Los Angeles tuzo ya gari la mwaka linalotunza mazingira. Mwaka 2011 ikafuata Passat, gari la familia hasa, iliyoundwa katika kiwanda kipya cha Chattanooga, jimbo la Tennessee. Tangi la Passat ya dizeli lilichukua lita 70, na kwa hesabu ya kampuni liliweza kulifikisha gari karibu kilometa 1,280.

Wenye magari hayo walisifu, tena walisema kweli. Lita zilikuwa chache, nguvu ilikuwepo, taabu hakuna. Lakini mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia walifunga vipimo vyao nyuma ya magari ya dizeli na kuyaendesha barabarani, badala ya kuyapima yakiwa yamesimama juu ya magurudumu ya maabara. Jetta ilionekana kutoa oksidi za naitrojeni mara 15 hadi 35 ya kiwango kilichoruhusiwa, na Passat mara 5 hadi 20. Hewa hiyo huunguza mapafu na kuwazidishia wenye pumu. Tarehe 18 Septemba 2015 serikali ya Marekani ilitangaza hadharani kwamba ndani ya kompyuta ya magari hayo mlikuwa na programu ya udanganyifu. Programu ilitazama mwendo, muda ambao injini imewaka, kani ya hewa, na hata usukani. Magurudumu yakizunguka huku usukani ukifuata mtindo wa maabara, gari lilitambua kwamba liko mbele ya mkaguzi, likajisafisha. Likirudi barabarani, lilirudia tabia yake. Kampuni yenyewe ilikiri kwamba magari kama milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo.

Hapa ndipo tunapotaka ndugu zetu watutegee sikio. Kwa nini kampuni ilidanganya? Kwa sababu mtambo wa kusafisha moshi katika Jetta, kama ungefanya kazi saa zote, ungekula mafuta zaidi na kuchakaza mapema chujio la masizi. Kwa hiyo lile lile ambalo mwenye gari alilisifu katika miezi ya mwanzo, yaani mafuta machache na kutosumbuliwa, lilinunuliwa kwa sehemu kwa pumzi ya watu wengine. Hakuwa mwongo. Alisifu kitu ambacho bei yake ililipwa na mpita njia, na risiti hakuonyeshwa.

Je, mwisho wake nani alilipa? Kampuni ililipa mabilioni ya dola, na Machi 2017 ilikiri makosa ya jinai mbele ya mahakama ya Marekani. Mkuu wake alijiuzulu siku chache baada ya tangazo lile, na baadhi ya watumishi wake walifungwa. Wenye magari wa Marekani walipewa haki ya kuyarudisha na kulipwa, pamoja na fidia isiyopungua dola 5,100 kwa gari. Novemba 2016 ikaja zamu ya wafanyakazi: kampuni ilitangaza mpango wa kupunguza nafasi za kazi 30,000, na kati ya hizo 23,000 nchini Ujerumani. Hatusemi kwamba faini peke yake ndiyo iliyoleta jambo hilo. Kampuni ilikuwa pia inajipanga kuunda magari ya umeme, na wenzetu wa huko walijadiliana mpaka wakapata ahadi kwamba hakuna atakayefukuzwa kwa nguvu kabla ya mwisho wa 2025. Lakini fundi aliyekaza nati hakuandika programu, na mzigo ulipogawanywa naye alibebeshwa fungu.

Wako watakaosema: kungekuwa na chama, yasingetokea. Laiti ingekuwa rahisi hivyo! Pale Chattanooga hapakuwa na chama wakati ule. Wafanyakazi walipiga kura mwaka 2014, wakashindwa kwa 712 dhidi ya 626. Walishindwa tena mwaka 2019. Ni Aprili 2024 tu waliposhinda, kura 2,628 dhidi ya 985, wakati Passat ilikuwa imekwisha kuachwa kuundwa hapo. Lakini Ujerumani, ambako uamuzi ulifanyika, chama kipo, tena kina nguvu. Kwa sheria ya 1976 wajumbe wa wafanyakazi hushika nusu ya viti katika baraza la usimamizi la makampuni makubwa. Hata viti hivyo havikuzuia udanganyifu.

Twasema jambo hili kwa heshima, maana wenzetu hao wametangulia mbali na wametufundisha mengi. Funzo lake ni kwamba chama kinachouliza mshahara, saa za kazi na likizo tu hakijamaliza kazi yake. Hapana budi kiulize pia: tunaunda nini, tunatengeneza nini, na uchafu wake unakwenda kwa nani? Mfanyakazi ni mtu yule yule akiwa kiwandani, gereji, au nyumbani akimwosha mtoto anayekohoa.

Turudi kwetu. Hapa Uganda, kama ilivyo kwa jirani zetu, wengi wetu hatununui gari likiwa jipya kutoka kiwandani. Tunalinunua likiwa limetumika ng'ambo, na kwetu linaitwa jipya siku linapopata namba. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilihesabu mwaka 2020 kwamba magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, na sehemu kubwa yake yaliletwa Afrika. Uganda imepiga marufuku tangu 2018 kuingiza gari lililozidi miaka 15. Ni hatua njema, lakini umri wa gari hausemi kama mtambo wake wa kusafisha moshi ungali mzima.

Upande wa mafuta tulisogea mbele. Tangu Januari 2015 nchi za Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zilikubali kiwango kimoja cha dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika kila milioni. Dizeli ya salfa nyingi huharibu mitambo ya kusafisha moshi. Lakini mafuta safi ndani ya gari lililong'olewa chujio ni kama sabuni nzuri mikononi mwa asiyenawa.

Na kung'oa ndiko kunakotokea. Chujio la masizi hujichoma lenyewe na kusafika gari likienda safari ndefu kwa mwendo wa kutosha. Katika foleni za Kampala, kilometa 4 asubuhi na 4 jioni, halipati nafasi hiyo. Taa huwaka katika dashibodi, nguvu hupungua, na mwenye gari aliyekuwa akisifu mwezi uliopita hukimbilia kwa fundi: “Toa tu hicho kitu.” Fundi hutoa. Gari huvuta tena, sifa hurudi, na masizi yote hutoka nje. Wa kwanza kuyavuta ni fundi huyo huyo.

Hilo si jambo la kikohozi tu. Juni 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo Lyon, Ufaransa, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Ushahidi mmoja mkubwa ulitoka kwa wachimba migodi wa Marekani zaidi ya 12,000 waliofanya kazi karibu na mashine za dizeli. Maana yake ni kwamba maarifa hayo yalipatikana kwa mapafu ya wafanyakazi. Ni aibu kama wafanyakazi wa Katwe na wa soko la Kisekka, na madereva wanaolala katika foleni ya Malaba injini zikinguruma, watakuwa wa mwisho kuyasikia.

Kwa hiyo tunapendekeza haya. Katika kila gereji yenye mkataba nasi, injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa, na bomba la moshi livalishwe mpira wa kuutoa moshi nje. Fundi anayekataa kung'oa chujio asiadhibiwe. Wanaofanya kazi katika moshi wapimwe mapafu kila mwaka kwa gharama ya mwajiri. Haya si maombi ya hisani. Uganda ina sheria ya usalama na afya kazini tangu 2006, na mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani lilitangaza kwamba mahali pa kazi salama na penye afya ni haki ya msingi.

Nawe ndugu uliyenunua saluni ya dizeli, tunakupongeza kwa moyo mweupe. Pima lita zako tangi kwa tangi kwa mwaka mzima, si wiki moja. Kama safari zako ni za mjini tu, fikiri kama ulihitaji dizeli. Uliza chujio lipo au halipo kabla ya kusaini mkopo, na siku taa itakapowaka, lipeleke gari safari ndefu kabla ya kulipeleka kwa mng'oaji. Kisha simama nyuma ya gari lako asubuhi moja likiwa linanguruma, utazame na unuse. Hilo ndilo swali la nne, na jibu lake ni lako kuwaambia wenzako pamoja na zile sifa.

Wenu katika umoja,
Sehemu ya Kiswahili