Salad Ndani ya Tangi la Dizeli: Majibu kwa Wanaosema Njiru Hakuna Baridi

Kila dizeli inapopanda bei, neno lile lile hurudi Njiru, hapa Nairobi. Utalisikia kwenye magereji ya kando ya Barabara ya Kangundo, na utalisikia kwari, madereva wa malori ya mawe wakingoja zamu ya kupakia: kwa nini tuumie na dizeli, ilhali injini hii hula hata mafuta ya kupikia? Mwishoni mwa 2023, lita ya dizeli ilipovuka shilingi 200 Nairobi, wapo waliolichukua kwa uzito. Nalijibu hapa kwa sababu wanaolisikiliza si matajiri. Ni watu wenye lori moja dogo la Kanta, na Kanta hiyo ndiyo shamba, ndiyo duka, ndiyo karo ya watoto.

Nianze na dai linaloumiza wengi, kwamba Njiru hakuna baridi. Wazungu, husemwa, huendesha magari kwa mafuta ya mimea na huko kwao theluji inaanguka. Sisi wa karibu na ikweta tutashindwaje? Wasemao hivyo wamepima hewa, hawakusoma chupa. Mafuta yanayotiwa kwenye magari Ujerumani ni ya kanola, nayo hubaki majimaji hata maji yanapoganda. Mafuta tunayopimiwa dukani, haya tunayoyaita salad, kwa sehemu kubwa ni mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Kiwandani mawese hutenganishwa: sehemu nzito huenda kwenye mafuta ya mgando ya aina ya Kimbo, nyepesi ikawa salad. Lakini hata hiyo nyepesi haijaachana kabisa na nduguye. Huanza kufanya ukungu karibu na nyuzi 10, na ikilala nje usiku kucha, hata nyuzi 15 zaweza kuitoa chembe nyeupe.

Sasa zikumbuke alfajiri za Njiru kuanzia Juni hadi Agosti. Saa kumi na moja, makanga akiwa bado amejifunika shuka la Kimasai, hewa iko nyuzi 11 au 12, na zipo siku inashuka chini ya 10. Huku ni uwanda mtupu, upepo haukuti kitu cha kuuzuia, na magari mengi hulala nje. Mwenye shaka aweke chupa ya salad juu ya ukuta usiku mmoja wa Julai, aiangalie kabla jua halijaipiga. Weupe atakaouona chini ya chupa ndio utakaoziba filta. Mafuta yaliyokwisha kukaangia ni mabaya zaidi, maana yamebeba mafuta ya nyama na ya soseji, ambayo huganda mapema.

Na yasipoganda, bado ni mazito. Hata yakipashwa hadi nyuzi 40, mafuta ya mimea huwa mazito mara 10 hivi kuliko dizeli, na baridi ikizidi tofauti huzidi. Nozo iliyozoea kurusha dizeli kama ukungu hurusha haya kama matone. Matone yanatua ndani ya silinda baridi, na hapo pana tatizo jingine: dizeli hutoa mvuke wa kushika moto kuanzia nyuzi 60 hivi, mafuta ya kupikia mpaka yapite 200. Stata inalia, betri inalegea, moshi mweupe unatoka, na abiria wa kwanza wameshapanda gari la mwenzako.

Kisha huletwa jina la Rudolf Diesel, kwamba injini yake aliibuni itumie mafuta ya karanga. Kuna ukweli hapa, tena ni ukweli unaomhusu Mwafrika. Katika maonyesho ya Paris ya 1900, injini ndogo ya dizeli iliyoonyeshwa na kampuni ya Otto iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Diesel alieleza baadaye kwamba serikali ya Ufaransa ndiyo iliyokuwa na wazo hilo, ikizifikiria karanga zilizovunwa kwa wingi katika makoloni yake ya Afrika. Lakini alieleza pia kwamba injini yenyewe ilikuwa imetengenezwa kwa mafuta ya ardhini. Ilikuwa injini ya kusimama mahali pamoja, ikizunguka polepole. Gari la leo ni kitu kingine: vitundu vya nozo vinakaribia wembamba wa unywele, na katika injini zinazoongozwa na kompyuta mafuta husukumwa kwa nguvu inayopita mara 1,000 ya kanieneo ya hewa. Aliye na gari la namna hiyo asijaribu hata nusu lita.

Wengine husema, basi changanya na mafuta ya taa. Hili nimelisikia kwa mafundi hodari, na ni kweli mchanganyiko huwa mwepesi. Gari kuukuu litatembea nao mchana wa jua la Februari. Ila chembe za mgando hazikuondoka. Usiku wa baridi hushuka chini ya tangi, na huko chini ndiko bomba linakofyonza. Hata nafuu yenyewe haipo tena: Septemba 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, makusudi kuzuia yasichanganywe na dizeli, na tangu hapo bei zake zimekaribiana na za dizeli. Kuhusu kuchanganya na petroli nitasema moja tu: huo ni mvuke unaolipuka, na tangi hilo linabeba watu.

Dai ninaloliogopa kuliko yote ni hili: ikiwaka, imekubali. Injini haikatai siku hiyo hiyo. Tazama ukuta wa kibanda cha chipsi, pale nyuma ya karai, uone ile gundi ya kahawia isiyotoka hata kwa maji moto. Ni mafuta yaliyopigwa na joto na hewa yakashikana. Ndani ya injini hufanya vivyo hivyo. Yasiyoungua vizuri hujenga masizi magumu kwenye midomo ya nozo, hukamatisha ringi, na mengine huteremka ukutani mwa silinda hadi kwenye sampu na kuungana na oili. Oili hunenepa kidogo kidogo, na siku moja inafanana na uji. Hapo huzungumzii filta, unazungumzia injini nzima.

Hali hiyo huja haraka zaidi injini ikiwa baridi na haina mzigo, na ndiyo kazi ya magari yetu. Matatu huunguruma stejini ikingoja ijae. Ikitoka hapo inaingia kwenye msongamano wa Barabara ya Kangundo. Lori nalo hukaa kwari linanguruma hadi zamu ifike.

Kwamba mafuta haya ni ya bure, hilo halihitaji maneno mengi. Salad mpya hununuliwa ghali kuliko dizeli. Indonesia ilipozuia mawese yasitoke nje kwa wiki chache kuanzia Aprili 2022, kila jiko la Nairobi lilijua. Yaliyotumika nayo yana wanunuzi: kampuni ya Eni ya Italia, inayokamua mbegu Makueni na iliyosafirisha shehena yake ya kwanza ya mafuta ya mimea kupitia Mombasa mwaka 2022, hukusanya pia mafuta yaliyokaangiwa. Na utajuaje kilichomo kwenye mtungi wa kibanda? Maji, chumvi, makombo, na kwa aibu yetu, wakati mwingine mafuta yaliyoibwa kwenye transfoma za umeme.

Biodizeli ni jambo tofauti. Hutengenezwa kwa kuyapa mafuta methanoli na magadi makali ili glisarini ijitenge, na uzito wake hukaribia wa dizeli. Hata hivyo ile ya mawese hufanya ukungu karibu na nyuzi 13 hadi 16, kwa hiyo Julai ya Njiru inaikamata pia. Njia inayoheshimu baridi ni ya matangi mawili: gari liwashwe kwa dizeli, maji moto ya rejeta yapashe tangi la mafuta ya mimea, ndipo ubadilishe, na kabla ya kuzima urudi kwenye dizeli, ili mabomba yalale yakiwa na dizeli. Inafanya kazi kwa safari ndefu. Kutoka Njiru hadi mjini, sehemu nzuri ya safari huisha kabla mafuta hayo hayajapata moto.

Kama umeshamimina na gari limegoma alfajiri, acha stata. Lisukume mahali jua linapofika, usubiri hadi saa nne au saa tano. Fungua tangi kwa chini, toa yote, hata yale yanayoonekana safi. Badilisha filta, tia dizeli, toa hewa kwenye mabomba, kisha uwashe. Ukiwa umeendesha hivyo kwa wiki kadhaa, mwaga na oili ya injini pia. Yale uliyoyatoa, kama hayakuguswa na dizeli, wachukulie wapika sabuni. Wao hawasumbuliwi na baridi.