Wazee Nao Wawe na Mbio Zao

SAFU: KANDA YA ZIWA WIKI HII
Na Masanja Lugembe

Ukiamka alfajiri Kahama au Geita mjini utawakuta barabarani: baba na mama waliovuka miaka hamsini, wanakimbia pembeni ya lami kabla malori hayajaanza kutimua vumbi. Baadhi walianza baada ya kuambiwa kliniki kwamba presha imepanda. Wengine wanakimbia tangu wako shuleni. Nawaheshimu sana, na inaniuma kuona wengi wanaacha kimya kimya wakati magoti bado yanawabeba.

Wanaacha kwa kukata tamaa. Mzee wa miaka 58 anaingia mbio za kilomita 10, anapangwa mstari mmoja na kijana wa miaka 20, anafika medali zimeshagawiwa na watu wanakunja mahema. Anakumbuka muda aliokuwa akikimbia alipokuwa JKT, anaona ameshuka, anaamua zamu yake imekwisha. Kumbe kilichokosewa ni kipimo.

Kasi hupungua na umri, hata kwa bingwa. Suleiman Nyambui, mwana wa Mara, alipata medali ya fedha ya mita 5,000 Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Baadaye alihamia marathoni, akashinda Berlin mwaka 1987 na tena 1988, akiwa ameshavuka miaka 30. Alitafuta umbali unaofaa umri wake. Mkanada Ed Whitlock alikwenda mbali zaidi: mwaka 2004, akiwa na miaka 73, alimaliza marathoni ya Toronto kwa chini ya saa tatu. Mazoezi yake makubwa yalikuwa kukimbia taratibu, kwa muda mrefu, kwenye makaburi ya karibu na kwake.

Taratibu ndiyo dawa. Usukumani tuna kipimo chake kizuri, salamu. Ukikutana na mtu njiani akakwambia “Mwangaluka”, akaendelea na “Mhola?”, nawe ukashindwa kumjibu hadi mwisho bila kuhema, punguza mwendo. Siku nyingi za wiki zikimbiwe hivyo, siku moja tu ndiyo ya kukaza. Misuli ya mtu mzima huchelewa kupona, kwa hiyo mapumziko nayo ni mazoezi. Mara mbili kwa wiki, keti kwenye kigoda na uinuke bila kushika kitu, urudie hadi mapaja yachoke. Kwa upande wa chakula, michembe ya viazi vitamu itakupa nguvu ya safari. Misuli inataka pia dagaa, choroko, karanga na maziwa. Na kunywa maji kabla kiu haijaja, maana mwili ukizeeka huchelewa kuisikia.

Huku kwenye dhahabu kuna tahadhari kubwa kuliko zote. Wengi wetu tumeshinda miaka kwenye maduara ya machimbo na kwenye makarasha, mawe yakisagwa na vumbi jeupe likitanda hadi kwenye kope. Vumbi hilo huweka makovu kwenye mapafu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba, unaweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuacha mgodi, na humweka karibu na kifua kikuu. Mchimbaji wa zamani anayeishiwa pumzi asijilaumu kwa uvivu wala asijilazimishe. Aende hospitali apimwe mapafu, presha na sukari. Vipimo na dawa za kifua kikuu katika vituo vya serikali ni bure. Na yeyote anayebanwa kifua au kupata kizunguzungu akikimbia, asimame hapo hapo na kutafuta daktari.

Sasa naomba kwa waandaaji wa mbio Shinyanga, Kahama na Geita, halmashauri na migodi inayotoa udhamini. Duniani, riadha ya maveterani huanzia miaka 35, na washiriki hupangwa kwa makundi ya miaka mitano mitano. Sisi tuanze na makundi mawili tu, miaka 50 hadi 59, na 60 kwenda juu, wanaume na wanawake, matokeo yao yasomwe jukwaani kama ya vijana. Gharama yake ni medali chache. Mama wa miaka 61 akijua Julai anashindana na wa rika lake, Mei utamkuta barabarani, tena amewapitia jirani zake waende wote.