Mwanakijiji wa ndani ya mchezo, naye awe na jina

Wazazi wengi wanatuuliza kwenye redio swali moja: hii michezo ya vita ambayo vijana wanacheza kwenye kompyuta na kwenye simu, ni mizuri ao ni mibaya? Walimu wanauliza. Wachungaji wanauliza. Hata mama aliyehama mara tatu na watoto mgongoni anauliza, kwa sababu kijana wake akipata franka kidogo anakimbilia kwenye nyumba ya michezo. Wengine wanasema hizo nyumba zifungwe zote. Wengine wanasema tuwaache vijana wajifurahishe, wamekwisha kuona mengi.

Kwa upande wangu, sikubaliani na hawa wala na wale. Anayefunga mlango hajui kilicho ndani, na anayeacha mlango wazi naye hajui. Basi tuingie, tuangalie mchezo mmoja, kiisha tuhukumu.

Nachukua Warcraft III. Ulitoka Julai 2002, ukitengenezwa na Blizzard Entertainment, kampuni ya Irvine, huko California, Marekani. Mwaka wa 2003 ikaongezwa sehemu ya pili, The Frozen Throne. Ni mchezo wa zamani, lakini hauombi mashini kubwa: kompyuta yenye kumbukumbu ya megabaiti 128 ilitosha, na hadithi yake inachezwa bila intaneti. Kwa mahali ambapo umeme unakuja na kuondoka, na mega zinanunuliwa kwa kuhesabu, hilo si jambo dogo.

Ndani ya mchezo huo mmechanganywa michezo miwili. Wa kwanza ni wa jemadari. Unaangalia nchi kutoka juu kama ndege, unajenga kijiji, unachimba dhahabu, unakata miti, unaandaa jeshi, na unapiga vita. Hakuna kungojeana zamu kama kwenye dama. Ukichelewa, adui hakungoji. Wa pili ni wa kumfuata mtu mmoja. Huyo anaitwa shujaa. Ana jina, picha yake inakaa pembeni ya skrini, anabeba vitu vyake, anajifunza kadiri anavyopigana, na anapanda ngazi mpaka ya 10. Akiuawa, unalipa, na anafufuliwa. Watu wa Blizzard walipoutangaza mchezo huu mara ya kwanza mwaka wa 1999, mchanganyiko huo ndio walioutolea sifa. Wengine nao walifuata njia hiyo, kama Wajerumani waliotengeneza SpellForce mwaka wa 2003.

Sasa niwaonyeshe mtu wa tatu, ambaye vijana wengi hawamwangalii. Ni mkulima. Ananunuliwa kwa dhahabu 75. Ndiye anayeingia shimoni na kutoka na mzigo, ndiye anayekata miti, ndiye anayejenga kila nyumba. Hana jina lake mwenyewe, hapandi ngazi. Akiuawa hafufuliwi, unanunua mwingine. Kijana anayecheza anaweza kupoteza wakulima kumi katika dakika mbili na asisikie uchungu wowote, ila hasara ya dhahabu.

Ndugu zangu, huyo mkulima ni sisi.

Sisemi hivyo kwa kuchekesha. Mama aliyebeba bido la maji Kanyaruchinya, baba aliyelala chini ya turubai Bulengo, mchimbaji anayeshuka shimoni asubuhi bila kujua kama atapanda, hao ndio watu ambao vita inapita juu yao bila kuuliza jina. Katika habari tunasikia jina la kamanda, jina la kundi, jina la mji uliotekwa. Kuhusu sisi wanatoa hesabu tu: familia kadhaa zimehama. Hata sisi waandishi wa habari tunaongea hivyo, juu dakika za matangazo ni chache.

Kuna kitu kingine. Katika Warcraft III mwanadamu anaweza kupiga kengele ya kijiji, na mara moja wakulima wanakimbilia kwenye jumba kubwa, wanavaa chuma, wanashika silaha, na wanakuwa wapiganaji. Baada ya muda mfupi, usiofika hata dakika moja, wanarudi kuwa wakulima na kuendelea na kazi yao. Kwenye skrini ni jambo jepesi. Hapa kwetu tunajua vile linavyokwenda. Tunawakumbuka makadogo wa 1996 na 1997. Mtoto akipewa bunduki, hakuna saa inayomrudisha kuwa mtoto baada ya dakika moja. Wapo waliofikisha miaka arobaini na bado wanatafuta njia ya kurudi kwenye kilimo. Kijana akicheza sehemu hiyo, na apate mtu wa kumwambia habari hii. Mchezo hautamwambia.

Lakini tuseme haki pia. Mchezo huu una mambo unayoyafundisha vizuri kuliko hotuba nyingi.

La kwanza ni hesabu ya jeshi. Katika The Frozen Throne, jeshi lako likiwa dogo unapokea dhahabu yote inayochimbwa. Ukipita chakula cha watu 50, katika kila dhahabu 10 unapata 7. Ukipita 80, unapata 4 tu. Maana yake jeshi kubwa linakula nchi yake mwenyewe hata siku ambayo hakuna vita. Tena shimo la dhahabu lina mwisho: likikauka linaporomoka, na lazima uende kupigania lingine. Kijana wa Masisi hahitaji maelezo marefu kwa hilo. Koltani inayochimbwa Rubaya inatoa tantali, na tantali inatumiwa ndani ya simu na kompyuta zilezile ambazo tunachezea.

La pili ni hadithi ya Arthas. Huyu ni mtoto wa mfalme, shujaa mwenye jina, na ndiye unayemwongoza. Ugonjwa unaenezwa katika nchi yake kwa njia ya nafaka. Anafika mji wa Stratholme na kukuta watu wamekwisha kupokea nafaka hiyo, na watageuka kuwa maiti zinazotembea. Arthas anaamua kuwaua wote kabla hawajageuka. Mwalimu wake, Uther, anakataa. Jaina, mwanamke anayempenda, anageuka na kuondoka. Arthas anaingia mjini na jeshi, na wewe mchezaji unapewa kazi: angamiza wakaaji 100 kabla adui hajawachukua wao.

Mchezo haukupi njia ya kumfuata Uther. Ukitaka kuendelea, unaua. Wengi wamelaumu jambo hilo. Mimi naona ndilo fundisho lenyewe, kama kuna mtu wa kulieleza. Mbele yako hadithi inaonyesha mtu huyo anavyoishia: anawafuata maadui zake mpaka nchi ya baridi, anachoma merikebu za askari wake mwenyewe ili wasirudi nyumbani, na kosa anawatupia wengine. Anachukua upanga uliolaaniwa, anarudi, na anamuua baba yake kwenye kiti cha ufalme. Yote yalianza na neno moja ambalo hapa tumelisikia mara nyingi: ninafanya hivi kwa kuwaokoa ninyi.

La tatu ni Jaina. Nabii mmoja aliwaonya wafalme kwamba nchi imekwisha, watu wavuke bahari waende magharibi. Wafalme wakamcheka. Jaina alisikia, akachukua waliokubali, wakahama. Kabila la maorki, ambalo lilikuwa limefungwa katika kambi baada ya vita ya zamani, nalo linavuka bahari hiyohiyo chini ya kiongozi wao Thrall. Mwishoni, wale waliohama kutoka pande mbili zilizouana, pamoja na wenyeji wa nchi waliyofikia, wanasimama mlimani pamoja. Kazi ya mwisho si kuteka mji. Ni kushikilia kwa dakika 45 adui asipite. Wanaookoa dunia katika hadithi hiyo ni wahamaji na wenyeji waliokubali kuacha ugomvi wao kwa siku moja.

Sasa kwa nini nina wasiwasi? Kwa sababu michezo iliyofuata ilimwondoa mkulima kabisa. Pamoja na Warcraft III, watengenezaji walitoa chombo cha kuchora ramani, na mtu yeyote aliweza kutengeneza mchezo wake ndani ya mchezo. Kutoka hapo mwaka wa 2003 ilizaliwa DotA. Ndani ya DotA hakuna kijiji cha kujenga, hakuna mkulima. Kuna mashujaa tu, na askari wadogo wanaotembea wenyewe kwenda kufa, ambao hakuna anayewaamuru wala anayewalilia. Aina hiyo ilipendwa dunia nzima: League of Legends mwaka wa 2009, Dota 2 mwaka wa 2013, na kwenye simu Mobile Legends mwaka wa 2016. Ni michezo ya akili na ya kushirikiana, sikatai. Lakini imebaki hadithi ya shujaa peke yake. Kijana aliyekulia kwenye hema, ambaye hakuna anayemwita kwa jina lake, atatamani kuwa shujaa. Na wapo watu porini wanaojua kumwahidi ushujaa.

Kwa hiyo nawaambia nini? Mambo matatu.

Wazazi, msinyang'anye simu bila neno. Kaeni kando ya mtoto nusu saa, mumwulize: huyu ni nani? Wale wadogo ni nani? Wakifa, nani anawazika? Mtoto anapenda kueleza mchezo wake kwa mtu mkubwa. Akieleza, ataanza mwenyewe kufikiri. Na saa ya shule na ya kazi za nyumbani ibaki ni yao. Hilo halina mjadala.

Wenye nyumba za michezo, mnajua umri wa wanaoingia kwenu. Mtoto wa miaka saba hana kazi Stratholme. Mwekeeni mchezo wa mpira.

Vijana, neno langu kubwa ni kwenu. Kile chombo cha kuchora ramani bado kipo, na kinakuja pamoja na mchezo. Msiishie kucheza vita zilizoandikwa California. Chukueni ramani tupu, mchore barabara, mto, kilima na mahali pa kupata maji. Wekeni familia ishirini upande mmoja, na upande wa pili mahali pa usalama. Kazi ya mchezaji iwe moja: awafikishe wote. Kila mmoja mmpe jina. Akipotea mmoja, mchezo umeshindwa, hata kama shujaa amefika ngazi ya 10. Kuuandika si lazima ujue mambo makubwa ya kompyuta. Kijana mvumilivu anajifunza pole pole, na anayejua anamwonyesha mwenzake. Asiye na kompyuta achore kwenye karatasi na kucheza kwa mawe na vizibo vya chupa. Wazee watawaambia njia zilipita wapi na nani alibaki nyuma.

Kuna watakaosema: watu wana njaa, na wewe unaongea juu ya michezo. Ni kweli njaa ipo, na kila siku tunaisema kwenye redio. Lakini mtoto anacheza hata akiwa na njaa, na anachocheza kinakaa ndani yake muda mrefu kuliko bugali. Tukiwaachia wengine kazi ya kumfundisha nani ni mtu na nani ni hesabu, watamfundisha, na hawatakuja kutuuliza.

Haya ni maoni yangu. Wenye mawazo tofauti, wazazi ao vijana, leteni yenu, tutayasoma hewani.